Kisogo cha baba

Barua ya wiki hii imetoka Kisumu. Majina yameondolewa, pamoja na chochote ambacho kingemtambulisha mwandishi au shule.

Salamu kwako Mama,

Mimi ni dereva wa basi la shule moja ya kibinafsi hapa Kisumu, yenye bweni na kutwa, ya mtaala wa Uingereza. Huu ni mwaka wangu wa 11 kwenye usukani wa basi lile. Watoto wa wafanyakazi hulipa nusu karo, ndiyo maana binti yangu wa pili amesoma hapo tangu akiwa na miaka sita. Sasa ana 17, yuko mwaka wa mwisho wa A Level, anachukua Biolojia, Kemia na Hisabati, na anataka kuwa daktari. Mtihani wa IGCSE, ule wa kabla ya A Level, alipata A* saba, yaani alama ya juu kabisa. Sijigambi, nataka tu ujue ni mtoto wa aina gani.

Basi hulala kwenye kituo cha mafuta karibu na kwetu Mamboleo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunatoka nyumbani mimi na yeye, tunatembea mpaka kituoni, nawasha injini, yeye anapanda na kwenda kuketi kiti cha tatu kutoka nyuma, upande wa kushoto. Hapo ndipo pake tangu utotoni. Tunateremka hivyo, wawili ndani ya basi zima, mpaka Kondele ambako wa kwanza wanapanda na kelele zinaanza. Jioni wenzake wakishashuka wote, anabaki yeye.

Kila jioni nafagia basi. Hukosi soksi, sweta, chupa za maji, mandazi yaliyoumwa mara moja, vitabu vya watu wasiojali. Jumanne ya wiki jana nilikuta karatasi mbili zimebanwa pini chini ya kiti chake. Nilidhani ni kazi ya Kemia. Kumbe ni insha. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaoomba vyuo vya Marekani huandika insha ya kujieleza wao ni nani, na shule imewawekea mwalimu wa kuwaongoza. Pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu kwamba hapa pamemgusa, aongeze.

Nilisoma nimesimama katikati ya basi, ufagio mkononi.

Ameandika kwamba tunaishi Nyalenda kwenye nyumba ya mabati na kwamba husoma kwa koroboi mpaka mafuta yaishe. Nyalenda tulihama akiwa na miaka minne. Nyumba yetu ni ya matofali, vyumba viwili na sebule, na stima ipo. Tokeni zikiisha tunanunua nyingine. Ameandika kwamba mama yake huuza mifupa ya samaki kando ya barabara ndipo wapate kula. Mama yake ana kibanda soko la Kibuye, anauza omena na mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishatolewa, sikatai, lakini kibanda hicho ndicho kimemsomesha kaka yake chuo. Kisha ameandika kwamba baba yake hajui kusoma, na barua zikija yeye ndiye humsomea. Mama, mimi nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 1999 nikapata C+. Siku hizo C+ haikukufikisha chuo kikuu cha serikali kama huna pesa zako mwenyewe, na pesa hazikuwapo. Lakini kusoma najua. Huyo mtoto nilimfundisha herufi mimi, kwa magazeti makuukuu ya kufungia samaki, kabla hajavaa sare ya shule yoyote.

Mwishoni kabisa kuna maneno haya, nayatoa kwenye Kiingereza chake: "Miaka yote hii baba ndiye anayenipeleka shule, na hata siku moja hajageuka pale langoni akaniambia kila la heri. Kisogo chake nakijua kuliko uso wake."

Nilizirudisha karatasi chini ya kiti kama nilivyozikuta. Asubuhi akaziokota, akazitia kwenye begi, kimya. Nami kimya.

Usiku nilimweleza mama yake. Alikaa kidogo, akasema, "Wacha. Kama hiyo ndiyo nauli ya kumtoa hapa, wacha ailipe." Ndugu yangu aliye Nakuru alicheka kwenye simu. Akasema Wazungu wanapenda hadithi za namna hiyo, na mwerevu huwapa wanachokitaka. Labda anajua. Wenzake darasani ni watoto wa mawakili na wenye mahoteli, wao wanaandika juu ya kupanda milima na kupiga piano.

Tarehe ya mwisho ni 1 Novemba. Kabla ya hapo kuna fomu ya mapato ya wazazi ambayo lazima niijaze, mshahara na kila kitu, kwa kuwa tunaomba msaada wa karo. Nikisema, naogopa nitamvunja moyo na mitihani iko karibu, au ataniona nimepekua vitu vyake. Nikienda kwa yule mwalimu, yeye ni mwalimu na mimi ni dereva, na ile nusu karo ni hisani ya shule. Nikinyamaza, ni kama nimetia sahihi kwamba sijui kusoma. Halafu kile kisogo, Mama. Sikugeuka kwa sababu nyuma yangu kuna watoto 52, na sikutaka mtu aseme dereva ana mtoto wake na watoto wa watu. Nilidhani natenda haki. Sasa kila nikifika langoni shingo inaniwasha.

Nifanyeje?

Dereva wa Basi, Kisumu

Ndugu yangu Dereva,

Kwanza, asiyejua kusoma haandiki barua kama hii. Nilitaka uanze na hilo, maana naona lilikuingia.

Kama nimekuelewa, umeokota karatasi ambayo hukuitafuta, ukamkuta mtoto wako amewapunguza wewe na mama yake mpaka mkatosha kwenye hadithi inayosemekana kuuzika. Mke wako anaona ni bei ya kulipa. Ndugu yako anaona ni akili. Mwalimu ameomba aongeze. Umebaki peke yako na ufagio wako, ukijiuliza kama wewe ndiye usiyeelewa dunia ya sasa. Fomu inakusubiri, tarehe inakaribia, na kazi yako na karo yake zimefungwa kwenye kamba moja.

Niruhusu nianze na ndugu yako wa Nakuru, kwa sababu maneno yake ndiyo mepesi kushika. Wazungu wanapenda hadithi za umaskini. Nimeyasikia hayo miaka mingi. Mambo yenyewe yanavyokwenda ni tofauti kidogo. Vyuo vingi vya Marekani huombwa kupitia mfumo uitwao Common App, na insha hiyo haizidi maneno 650. Haisomwi peke yake. Inasomwa pamoja na alama za mwombaji, barua za walimu, ripoti ya shule, na fomu ya familia ambayo huuliza kila mzazi anafanya kazi gani na amesoma kufikia wapi. Umeona hapo? Mtoto yuleyule aliyeandika ukurasa mmoja kwamba baba hajui kusoma, ukurasa mwingine ataulizwa elimu ya baba. Ataandika nini? Na mapato yako yatapitia njia nyingine, mara nyingi fomu iitwayo CSS Profile, yenye mshahara wako kama ulivyo. Ufukara au unafuu wa nyumba yenu hupimwa huko, kwa tarakimu. Insha haikuwekwa kwa kazi hiyo.

Kuna na jambo ambalo wazazi wetu hawaambiwi. Kwa wanafunzi wanaotoka nje ya Marekani, vyuo vilivyo vingi huangalia kama familia inaweza kulipa kabla ya kuamua kumchukua mtoto. Vichache tu, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, havitazami hilo wakati wa kuchagua, navyo hukataa watoto wengi mno wenye alama kama za binti yako. Kwa hiyo kuwa maskini zaidi kwenye karatasi hakumsogezi mtu mbele kama ndugu yako anavyodhani. Kwingine kunamrudisha nyuma.

Halafu kuna sahihi yake. Anapotuma maombi, mwombaji huthibitisha kwamba yote aliyoandika ni kazi yake mwenyewe na ni kweli, na anakubali kwamba ikigunduliwa vinginevyo nafasi inaweza kufutwa, hata akiwa ameshaanza masomo. Sikuambii haya ili ukamtishe. Nakuambia ili ukisema naye uwe unajua uzito uko wapi. Heshima yako ni kitu kikubwa, lakini akiambiwa "umenidhalilisha" atasikia baba aliyeumia. Akiambiwa "karatasi hizi mbili hazikubaliani" atasikia mtu anayemlinda. Maneno yote mawili ni ya kweli. Lipi litangulie, wewe unamjua mtoto wako.

Sasa nikukwaruze kidogo. Unasoma insha ile kama ya mtoto anayewaonea haya wazazi wake. Huenda. Lakini nilifundisha Kiswahili katika shule ya bweni huko Nakuru kwa miaka mingi, na nina kisa ambacho huwa sikisimulii. Msichana mmoja wa kidato cha pili, kwao Njoro, aliandika insha juu ya kifo cha nyanya yake. Shimo la kaburi, mvua, khanga ya marehemu ikiwa bado kwenye kamba ya nguo. Nilimpa 17 kwa 20, nikaisoma mbele ya darasa, nikafuta machozi. Wiki tatu baadaye ikawa siku ya wazazi. Nyanya akaja, mzima kabisa, na kikapu cha mahindi ya kuchemsha, akanipa mawili. Yule msichana alikuwa amesimama nyuma yake, uso umemwiva.

Nilikasirika, nikasema nitamwita ofisini. Kisha nikakumbuka muhula uliotangulia. Alikuwa ameandika juu ya mbuzi wao aliyekula daftari la hesabu, insha nzuri, yenye kuchekesha, nami nilimpa 11 na kuandika pembeni kwamba haina uzito. Aliyemfundisha kumzika nyanya yake ni mimi na kalamu yangu nyekundu.

Kwa hiyo uniwie radhi, jicho langu limekwenda kwenye ule wino kabla ya kumwendea mtoto. Binti yako ameketi na wenzake wenye milima na piano, ameulizwa yeye ni nani, akatazama mikononi mwake, akaambiwa, labda kwa maneno, labda kwa kutikiswa kichwa tu, kwamba mali aliyo nayo ni shida. Akaanza na shida za kweli. Zikaonekana haba. Akaongeza. Simsafishi, ana miaka 17 na anajua stima ya nyumbani kwao inawaka. Ila dharau na woga wa kuonekana huna kitu hufanana sana ukivitazama kwa mbali, na wewe unatazama kwa kioo cha dereva.

Mwalimu yule naye, yawezekana hajui. Wewe humwoni yeye na yeye hakuoni, mnapishana langoni. Kama haamini kwamba ni kweli ni jambo moja. Kama anaamini kabisa kwamba dereva wa basi lao hawezi kusoma, na hakushtuka, hilo ni jambo jingine, nalo lingeniuma mimi kuliko koroboi.

Njia ulizo nazo. Kunyamaza ni njia, usiidharau. Rasimu hubadilika, huenda hiyo uliyoiona imeshakufa na nyingine imezaliwa, maana wanafunzi hawa huandika mara nyingi kabla ya kutuma. Hatari yake ni kwamba isipobadilika, utajaza fomu yako ukijua iko kinyume na ya mtoto, na ikitokea swali siku moja, ataulizwa yeye, ugenini, peke yake. Na utabaki ukiliendesha basi hilo na siri.

Kumtuma mama yake ni njia ya pili, na nyumba nyingi ndizo zinavyofanya. Lakini mke wako ameshatoa msimamo. Na nikuombe jambo: neno lake la nauli usilichukue kama limekwisha. Naye amepunguzwa kwenye karatasi ile. Kibanda kilichosomesha mtu chuo kimekuwa mifupa kando ya barabara. Mtu anaposema "wacha ailipe" upesi hivyo, mara nyingine anamaanisha kwamba ameshazoea kulipa yeye. Keti naye tena, si kwa kumshawishi. Muulize tu alisikiaje.

Kwenda kwa mwalimu, au kwa mkuu wa shule juu yake, sikufichi kwamba ndiyo njia inayonitia wasiwasi zaidi. Haki unayo, wewe ni mzazi kama wenye mahoteli. Lakini ukianzia huko binti yako atajua kwa mlango wa nyuma kwamba ulisoma, na ataitwa ofisini kama mwizi katika wiki ambayo anahitaji barua nzuri kutoka kwa watu haohao. Na ile nusu karo umeitaja mwenyewe. Kuna wazazi ambao wangesema heri hivyo kuliko uongo. Kuna ambao wangengoja mpaka A Level iishe. Sitakuchagulia, maana mshahara ni wako.

Inabaki kusema naye mwenyewe. Hapa ile fomu ya familia inaweza kukusaidia kuliko mimi. Kile kipengele cha elimu ya wazazi lazima mtu akijaze, na hakuna ajabu baba kusema, "Hapo pa elimu yangu, andika KCSE." Basi. Umeweka jiwe mezani. Hujamshtaki, hujataja karatasi ya chini ya kiti. Akiwa anataka kutoka kwenye uongo ule, umempa pa kutokea bila kuanguka. Ubaya wake ni kwamba anaweza kuhisi umemtega, hasa akijua ulisoma. Wako watoto ambao wangependa uwaambie waziwazi, "Niliiokota, nikaisoma, samahani, sasa tuzungumze." Wa kwako ni yupi?

Na hilo la kujua ulisoma linanirudisha kwenye barua yako, kwa sababu kuna kitu umekipita mbio. Karatasi zilikuwa chini ya kiti chake, katika basi ambalo kila jioni linafagiwa na mtu mmoja. Miaka 11. Nani anajua kuliko yeye ni nani hufagia? Asubuhi aliziokota bila kushtuka, bila kuuliza kama kuna mtu ameziona. Labda zilidondoka tu. Vitu hudondoka, umeniorodheshea mpaka mandazi. Lakini sina uhakika kwamba karatasi ile ilikuwa imepotea.

Kisogo sasa. Ya koroboi na Nyalenda umenisimulia kwa muhtasari, umenijibu moja baada ya jingine kama mtu anayesahihisha mtihani. Mstari wa kisogo umeuandika neno kwa neno, kisha ukaurudia, kisha ukanieleza sababu zako bila mimi kukuuliza. Nashuku ungeweza kulala na uongo wote ule kama si huo ukweli mmoja.

Tazama pia kwamba yeye aliandika kwa Kiingereza. "Kisogo" ni neno lako. Kwetu sisi kumpa mtu kisogo ni kumtupa, na wewe uliposoma nadhani ndicho ulichosikia: baba amenipa kisogo. Kwa lugha aliyoandikia, ni nyuma ya kichwa tu. Na nyuma ya kichwa cha mtu huijui kuliko uso wake ila umekaa ukiitazama. Kila asubuhi gizani, kiti cha tatu kutoka nyuma, kuna mtu amekuwa akiitazama shingo yako mpaka akaijua. Lawama imo, ya kutogeuka. Sitakuambia haimo. Lakini nimeusoma mstari huo tena na tena na siwezi kuapa kwamba ni lawama peke yake. Mwenye jibu ni yeye, wala si mimi.

Utashawishika kumwomba auondoe. Utashawishika pia, nakujua sasa, kumpa habari ya magazeti ya samaki aitie mahali pa koroboi. Ni habari nzuri. Mimi ningetoa 18. Lakini insha ni yake, na mzazi akianza kuandika, hata kwa mdomo, tumerudi kwenye sahihi ile ya "kazi yangu mwenyewe". Kumkumbusha kwamba mlisoma pamoja ni kitu kimoja, na kumpangia sentensi ni kingine. Mpaka ni mwembamba na utauhisi ukiuvuka. Sababu yako ya watoto 52, hiyo je, amewahi kuisikia? Mimi umeniambia kwenye barua. Yeye yuko hatua sita nyuma yako.

Nitoke nje kidogo, maana umesema anataka kuwa daktari na sijui kama kuna aliyewaeleza hili. Marekani udaktari hausomwi moja kwa moja kutoka sekondari. Kuna shahada ya kwanza ya miaka minne, ndipo mtu aombe shule ya udaktari, minne mingine, na shule hizo huchukua wageni wachache na msaada wa karo huko ni mgumu. Hapa kwetu anaweza kuanza udaktari mara moja, miaka sita, na Chuo Kikuu cha Maseno kina kitivo hicho mlangoni kwenu. Cheti cha A Level hulinganishwa kwanza na cha hapa, ni hatua ya ofisini inayotaka muda, heri iulizwe mapema. Sisemi asiende Marekani. Nasema ile "kama hiyo ndiyo nauli" ya mama yake inachukulia kwamba gari ni moja.

Hata hiyo 1 Novemba, ulizeni ni ya aina gani. Ni tarehe ya maombi ya mapema, na kuna ya mapema yanayomfunga mwombaji, kwamba akikubaliwa lazima aende. Maombi ya kawaida ya vyuo vingi hufungwa mapema Januari. Kama insha haijatulia, miezi miwili si haba, ingawa atakuwa amepoteza nafasi ya kusikilizwa mapema, na kwa mtoto anayesubiri hilo si dogo.

Kati ya Mamboleo na Kondele una dakika chache kila alfajiri ambazo wazazi wenye mahoteli hawana. Kuzungumza ukiwa barabarani kuna raha yake: hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni, na yeye ameshazoea kukusoma kwa nyuma. Kuna ubaya pia, kwamba Kondele itafika na watoto watapanda katikati ya sentensi. Jioni mnaposhuka wote wawili na kutembea kwenda nyumbani ni kurefu zaidi, lakini mnakuwa mmechoka.

Huhitaji kuwa na hotuba. Ungeweza hata kuanza kwa kumwuliza kwa nini miaka yote anakaa kule nyuma, ilhali basi ni tupu na kiti cha kwanza kiko wazi. Mimi mwenyewe nataka kujua.